Uzi: Kifaa tiba unachokitegemea kimetangazwa kuwa na kasoro. Mgonjwa afanye nini?

MhandisiTiba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhudumia vifaa tiba hospitalini: kuvipokea, kuvipima, kuvitengeneza, na inapokuja barua ya tahadhari kutoka kwa mtengenezaji, kuvisaka wodi kwa wodi mpaka cha mwisho kipatikane. Katika msako huo nimekutana na wagonjwa wa aina mbili wanaoniumiza moyo. Wa kwanza ni yule ambaye kifaa kilichomo mwilini mwake kilitangazwa kuwa na kasoro miaka kadhaa iliyopita, naye hana habari. Wa pili ni yule aliyepata habari usiku, akakizima kifaa usiku huohuo, na asubuhi akaletwa kwetu akiwa hoi kwa kukosa kile alichokizima. Uzi huu ni kwa ajili yao wote wawili.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu limewatia watu hofu isiyo ya lazima. Tumezoea kusema kifaa “kimeondolewa sokoni”, na anayesikia hudhani kwamba kila kilichokwisha kuuzwa kinatakiwa kurudi kiwandani. Katika taratibu za udhibiti, tangazo la namna hii linaweza kuagiza mojawapo ya mambo mawili: kukiondoa kifaa, au kukirekebisha hapohapo kilipo. Marekebisho hayo yanaweza kuwa kubadilisha kipuri, kuweka programu mpya, kuandika upya maelekezo ya matumizi, au kuwataka madaktari wawaone wagonjwa wao mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Mnamo Agosti 2017 lilitolewa Marekani tangazo lililohusu vifaa 465,000 vya kurekebisha mapigo ya moyo vya St. Jude Medical, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa tayari chini ya Abbott. Kasoro ilikuwa udhaifu wa programu ambao ungeweza kumruhusu mtu mwenye nia mbaya kukiingilia kifaa kwa mawimbi ya redio. Tiba yake ilikuwa programu mpya, iliyowekwa kliniki kwa muda wa dakika 3 hivi, mgonjwa akiwa ameketi na kifaa kikiwa kifuani mwake. Hakuna aliyeshauriwa kupasuliwa kwa ajili ya kasoro hiyo. Sasa fikirini jinsi habari hiyo ilivyomfikia mzee aliyesikia tu kwamba “betri za moyo zimerudishwa kiwandani”.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hugawa matangazo hayo katika madaraja 3. Daraja la I ni la kasoro inayoweza kweli kusababisha madhara makubwa au kifo. La II ni la madhara ya muda au yanayotibika. La III ni la kasoro isiyotarajiwa kumdhuru mtu. Daraja hueleza uzito wa madhara endapo yatatokea. Halisemi kwamba kifaa chako wewe kina kasoro hiyo, wala halisemi kwamba kitolewe.

Swali la kwanza, basi, ni kama kifaa chako kimo miongoni mwa vilivyotajwa, na jibu lake liko katika namba. Mfano mzito kuliko yote ninaoufahamu ni wa vali ya moyo ya Björk-Shiley, ile ya aina ya mbonyeo na mbinuko, iliyowekwa kwa watu wapatao 86,000 duniani kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 1986. Kikono chembamba cha chuma kilichoishikilia sahani ya vali kilikuwa kikivunjika, na wengi waliopatwa na jambo hilo walifariki. Walipokaa chini na kuchunguza, wataalamu walibaini kwamba hatari haikuwa sawa kwa wote: ilitegemea ukubwa wa vali, pembe ya kufunguka kwake, na hata kipindi ambacho kikono kilichomelewa kiwandani. Wagonjwa wawili wenye vali ya jina lilelile wangeweza kupewa ushauri unaopingana, na wote wawili wakawa wameshauriwa vyema. Aliyejua namba ya vali yake alipewa jibu lake mwenyewe, na asiyeijua alibaki na jibu la jumla.

Mwenye swali aulize, na mwenye uzoefu atuongezee.

MamaWaWawili

Asante sana, Mhandisi. Mwanangu ana miaka 11, anaishi na kisukari cha aina ya kwanza, na anatumia pampu ya insulini. Juzi tumepokea barua kwamba pampu za modeli yake zinahitaji “hatua ya marekebisho”, na kwamba kampuni itatuma kipuri. Baba yake anataka tuivue pampu mpaka kipuri kifike, mimi nasita. Nani kati yetu yuko sahihi?

MhandisiTiba

Dada, kusita kwako kuna msingi, ila na woga wa baba yake usiupuuze. Msiivue kabla hamjaongea na kliniki yake ya kisukari. Pampu hutumia insulini inayofanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa hiyo ikikatika na kisiwepo kitu kingine mahali pake, mtoto anaweza kuishiwa insulini kabisa na asidi ikaanza kujaa katika damu ndani ya saa chache. Barua hiyo, bila shaka, inaeleza dalili za kasoro na namna ya kuikagua pampu. Isomeni mstari kwa mstari, kisha mlinganishe namba ya seri iliyo nyuma ya pampu na zile zilizotajwa. Leo hii, wala si wiki ijayo, mwombeni daktari wake awaandikie insulini ya muda mrefu na kalamu au sindano za akiba, pamoja na dozi zilizoandikwa kwenye karatasi, ili daktari akisema ivuliwe, au ikigoma usiku wa manane, pasiwe na mtu wa kukisia. Mpimeni sukari mara nyingi zaidi katika kipindi hiki.

Hali kama yenu iliwakuta watu wengi mno mwezi Juni 2021, Philips ilipotangaza tatizo katika mamilioni ya mashine zake za kusaidia kupumua, zikiwemo zile za watu wanaokatika pumzi usingizini. Sponji iliyowekwa ndani ili kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa na kumeguka, na vumbi lake pamoja na hewa za kemikali viliweza kuingia katika njia ya hewa ya mgonjwa. Waliokuwa wakizisafisha kwa mashine za ozoni walikuwa wakiongeza uchakavu huo bila kujua. Ushauri haukuwa mmoja. Aliyetegemea mashine ili aendelee kuishi aliambiwa asiizime wala asibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na daktari wake; mwenye tatizo jepesi la usingizi aliweza kujadiliana na daktari kuhusu njia nyingine ya muda. Mashine mbadala zilichelewa sana, wengine wakasubiri kwa miezi mingi, na katika kusubiri huko ndiko kila mmoja alikohitaji ushauri wake mwenyewe.

NesiMkongwe

Niongezee kuhusu namba, maana wagonjwa wengi hukwama hapo. Kifaa cha nje ya mwili hakina shida: geuza, tazama chini au nyuma, kuna kibandiko chenye modeli, namba ya seri au namba ya toleo, na siku hizi msimbo wa utambulisho unaosomwa kwa mashine, mfumo ambao Marekani iliutungia kanuni mwaka 2013. Lipige picha bango hilo kabla maandishi hayajafutika kwa jasho na kupanguswa.

Kilichomo mwilini ndicho chenye kazi. Kifaa cha kupandikiza huja katika boksi lenye vibandiko kadhaa vidogo vinavyofanana, na hiyo si bahati mbaya: kimoja hubandikwa katika faili la mgonjwa, kimoja katika rejista ya chumba cha upasuaji, kimoja katika kadi ya mgonjwa, na mara nyingi kingine hurudi kwa msambazaji. Kwa hiyo faili likipotea, msikate tamaa. Ulizeni rejista ya chumba cha upasuaji kwa tarehe ya upasuaji wenu; ulizeni stoo, ambako kuna hati za kupokelea mzigo; ulizeni msambazaji kupitia hospitali. Vifaa vya moyo vina njia ya ziada, kwa kuwa mashine ya kliniki inayovikagua husoma modeli na namba ya seri moja kwa moja kutoka kifuani. Nyonga na magoti bandia hayasemi namba yake katika eksirei, lakini daktari wa mifupa mwenye uzoefu anaweza kutambua muundo na kupunguza orodha ya kutafuta.

Barani Ulaya, chini ya Kanuni ya 2017/745 iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, mgonjwa anatakiwa kupewa kadi yenye utambulisho wa kifaa alichopandikizwa, isipokuwa kwa vitu vichache kama nyuzi za kushonea na vijazio vya meno. Mahali pengine kadi hutolewa kwa mazoea, na mahali pengine haitolewi mpaka iombwe. Naomba kila anayesoma hapa aiombe kabla hajatoka wodini. Kama alikwisha kutoka, aombe nakala ya ripoti ya upasuaji, maana ni haki yake kujua kilichowekwa ndani ya mwili wake.

MwenyeBetri

Nashukuru kwa maelezo haya, Nesi. Nina kishtua moyo kifuani tangu miaka sita iliyopita. Mwaka jana rafiki yangu aliye nje ya nchi alinitumia habari kwamba nyaya za aina fulani, zile zinazounganisha betri na moyo, zina tatizo. Nilikwenda hospitali niliyopasuliwa, ambayo sitaitaja, nikaambiwa faili langu halionekani. Nilirudi mara nne. Mara ya nne karani aliniuliza: “Kwani una maumivu? Kama huna, hofu ya nini?” Nilitoka pale nikiwa nimevunjika moyo, na tangu siku hiyo silali kwa upande wa kushoto. Nimesoma kwamba waya ukikatika unaweza kumpiga mtu shoti bila sababu, au ukashindwa kumpiga anapohitaji. Sasa nataka utolewe, basi.

Mdadisi

Pole sana, ndugu MwenyeBetri. Nami naomba niseme lile ambalo wataalamu hawapendi kulisema. Kila likitoka tangazo, tunaambiwa “tulieni, zungumzeni na daktari”. Kwa nini kitu kibovu kibaki ndani ya mwili wa mtu? Gari likiwa na breki mbovu hatumwambii mwenyewe aendelee kuendesha huku akifuatiliwa. Kampuni ya Ufaransa ya Poly Implant Prothèse iliwajazia wanawake vipandikizi vya matiti kwa silikoni ya viwandani, ambayo haikuidhinishwa kwa mwili wa binadamu, na wakaguzi walikuwa wakipita kiwandani. Mnatuomba tuwaamini akina nani?

MhandisiTiba

Ndugu Mdadisi, mfano ulioutoa ni wa kweli na sitaupunguza uzito. Vipandikizi vile viliondolewa sokoni Machi 2010, mamia ya maelfu ya wanawake katika nchi nyingi walikuwa navyo, na mwanzilishi wa kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwezi Desemba 2013. Ule ulikuwa udanganyifu wa makusudi, na anayetilia shaka baada ya tukio kama lile ana sababu. Lakini tazama kilichofuata. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wote wenye vipandikizi vile, takriban 30,000 nchini humo, wavitoe hata kama havijapasuka. Nchini Uingereza wataalamu waliangalia kifaa kilekile wakakubali kwamba hupasuka mara nyingi kuliko vingine, ila hawakuagiza vitolewe kwa kila mmoja. Walishauri mwanamke azungumze na daktari wake, apimwe, kisha aamue. Nchi mbili zenye wataalamu makini, kifaa kimoja, na ushauri tofauti. Sioni hapo njama. Naona jinsi ilivyo vigumu kupima hatari mbili zinazokinzana, na ndiyo maana mwenye mwili lazima awe mezani wakati wa kupima.

Mfano wa breki unaishia hapo. Breki hubadilishwa bila gari kuumia, lakini mwili haufunguliwi bure. Ndugu MwenyeBetri, sikiliza hili kwa utulivu, maana linakuhusu ingawa sisemi kwamba waya wako ni wa aina hii. Oktoba 2007 Medtronic ilisimamisha usambazaji wa nyaya zake za Sprint Fidelis, ambazo wakati huo zilikuwa zimewekwa takriban 268,000 duniani kote, kwa sababu zilikuwa zikikatika kuliko ilivyotarajiwa. Hofu yako ndiyo iliyokuwa hofu ya watu hao. Hata hivyo, ushauri kwa wenye waya uliokuwa ukifanya kazi vizuri ulikuwa usitolewe kwa tahadhari tu. Waya uliokaa miaka kadhaa hushikwa na kovu katika ukuta wa mshipa na wa moyo, na kuuvuta kunaweza kuuchana mshipa au moyo wenyewe. Badala yake, mipangilio ya vifaa ilibadilishwa, na ikatengenezwa programu inayotambua mapema dalili za waya unaoanza kukatika na kumtahadharisha mgonjwa kwa mlio. Waliotegemea sana kifaa, au ambao betri yao ilikuwa imekaribia kuisha na upasuaji ulikuwa lazima kwa vyovyote, walijadiliwa mmoja mmoja.

Namwambia pia Mdadisi kwamba upande wa pili upo, na ni muhimu kuliko tunavyoutilia maanani. Kufuatiliwa kuna maana pale tu ambapo kweli mtu anafuatiliwa. Nyonga bandia za ASR za kampuni ya DePuy, zenye chuma kinachosuguana na chuma, zilitangazwa Agosti 2010 zikiwa zimewekwa kwa watu wapatao 93,000. Rejista ya kitaifa ya viungo bandia ya Australia ndiyo iliyoonyesha mapema kwamba zinarudiwa kupasuliwa kupita kiasi, na takwimu za rejista ya Uingereza na Wales zilionyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 8 alirudiwa upasuaji ndani ya miaka 5. Kobalti na kromi vilikuwa vikiingia katika damu na kuharibu nyama iliyo karibu, wakati mwingine kwa mtu asiyesikia maumivu yoyote. Hao waliwekewa utaratibu wa kupimwa damu na kupigwa picha. Kwa hiyo yule karani aliyekuuliza kama una maumivu alikosea kabisa, ndugu MwenyeBetri. Kukosa maumivu si kipimo, na hukustahili kujibiwa hivyo.

Nakushauri usirudi dirishani kuuliza faili. Nenda kliniki yoyote inayokagua vishtua moyo, uombe kifaa chako kisomwe. Watapata utambulisho wa betri papo hapo, na ikiwa taarifa za waya ziliingizwa siku ya upasuaji, zitakuwemo. Watapima pia ukinzani wa umeme katika waya, ambao ndio huanza kubadilika pale waya unapoharibika. Muulize daktari mambo yafuatayo na uandike majibu: je, waya wangu umo katika orodha, hali yake leo ikoje ukilinganisha na vipimo vilivyopita, moyo wangu unakitegemea kifaa kwa kiasi gani, hatari ya kuutoa katika hospitali hii, kwa mikono ya anayefanya kazi hiyo, ni kiasi gani, na kama tunauacha, nitaonwa lini na nikiona dalili gani nikimbie bila kusubiri miadi.

MjukuuWaBibi

Mimi nina swali fupi. Bibi yangu ana mtambo wa oksijeni wa nyumbani tulioununua kwa mtu ambaye mgonjwa wake alifariki. Kuna barua yoyote itakayotufikia?

MhandisiTiba

Ndugu yangu, haitawafikia. Kampuni humwandikia msambazaji, msambazaji humwandikia mnunuzi wa kwanza, na mnyororo unakatikia pale kifaa kinapobadilisha mikono. Andika modeli na namba ya seri, itafute katika tovuti ya mtengenezaji na katika orodha ya matangazo ya mamlaka ya udhibiti, kisha jisajili kwa mtengenezaji kama mmiliki mpya. Rudia kuangalia kila baada ya miezi michache. Vijiti vya kupimia sukari navyo vinunuliwe katika boksi ambalo halijafunguliwa, kwa sababu toleo lenye kasoro hujulikana kwa namba iliyo kwenye boksi.

NesiMkongwe

Jamani, msisahau pia kutoa taarifa. Mamlaka za udhibiti hupokea taarifa kutoka kwa wagonjwa wenyewe, si kwa madaktari peke yao. Mashine ikitoa harufu ya kuungua, pampu ikitoa dozi ambayo hukuiagiza, kipimo kikitoa jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa, andika tarehe, kilichotokea, modeli na namba, kisha uwasilishe. Matangazo mengi huanza na taarifa chache za namna hiyo kutoka mahali mbalimbali, ambazo kila moja peke yake ilionekana kuwa ajali tu.

MwenyeBetri

Ndugu zangu, narudi baada ya siku 12. Nilikwenda kliniki nyingine kama nilivyoelekezwa. Dada mmoja alinisomea kifaa kwa dakika zisizozidi 10, na taarifa za waya zilikuwemo, namba zote. Umo katika orodha. Nilitetemeka aliponiambia, lakini akanionyesha kwenye kioo mstari wa vipimo vya miaka yote sita, umenyooka. Daktari alinijibu maswali yote matano. Tumekubaliana uachwe, mipangilio imebadilishwa, nitaonwa kila baada ya miezi 3, na nimesikilizishwa mlio wa tahadhari ili niutambue. Nimelala ninavyotaka tangu jana. Nina swali moja la mwisho, Mhandisi: betri itakapokwisha na waya ukaja kutolewa, nini hufanyika kwa huo uliotolewa?

MhandisiTiba

Nimefurahi sana kwa ajili yako, ndugu. Mara nyingi hutupwa pamoja na taka za chumba cha upasuaji, na hapo ushahidi unapotea. Mwambie daktari kabla ya upasuaji, na uombe iandikwe katika fomu ya ridhaa, kwamba waya utakaotolewa usitupwe: utakaswe, ufungwe, uandikwe namba na tarehe, na upelekwe kuchunguzwa kwa mtengenezaji huku hospitali ikibaki na picha na kumbukumbu zake. Uliza pia utapataje nakala ya majibu ya uchunguzi, na uandike jina la ofisi itakayokujibu.